Ugo Cerletti: Daktari wa umeme na mgonjwa aliyekataa

Mwaka 1938 mjini Roma, daktari wa Kiitalia alipitisha umeme kwenye kichwa cha mtu ambaye akili yake ilikuwa imevurugika. Tiba hiyo bado ipo duniani, na watu bado wanaiogopa. Daktari huyo alikuwa nani, na maisha yake yanatufundisha nini sisi tunaouguza ndugu wanaosikia sauti?

Hapa Miburani, kama ilivyo kote Mafia, mtu akianza kujibu maneno ambayo wengine hawayasikii, habari huenea kabla jua halijazama. Wapo watakaosema amepandwa na shetani. Wapo watakaosema amerogwa, au amepita mahali pabaya kwa saa mbaya. Atasomewa, atanyweshwa kombe, huenda akapigiwa ngoma. Wengine watasema apelekwe hospitali. Na siku hizi, kwa kuwa simu ziko mikononi, yupo kijana atakayesema amesoma kwamba huko ng'ambo watu wa namna hii hutibiwa kwa umeme kichwani. Wazee watashtuka: umeme huu huu unaoua?

Ndiyo, umeme huu huu, ila kwa kipimo na kwa sekunde chache. Mtu aliyeuanzisha alikuwa na hofu hiyo hiyo ya wazee.

Kijana wa Conegliano

Ugo Cerletti alizaliwa tarehe 26 Septemba 1877 katika mji mdogo wa Conegliano, kaskazini mwa Italia. Alisomea udaktari Turin na Roma. Baadaye akaenda Ujerumani na Ufaransa kujifunza kwa mabingwa wa wakati ule. Mmoja wao alikuwa Alois Alzheimer, ambaye jina lake leo tunalisikia kwenye ugonjwa wa wazee kupoteza kumbukumbu. Kwa mabingwa hao Cerletti alijifunza kukata ubongo wa maiti vipande vyembamba, kuutia rangi na kuutazama kwa hadubini, akitafuta alama ya ugonjwa.

Hakuwa mtu wa maabara peke yake. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, alihudumu katika jeshi la Italia milimani kwenye theluji. Aliona askari wanavyoonekana kwa mbali kama nzi kwenye maziwa, akapendekeza wavae sare nyeupe. Alibuni pia kiwashio cha kombora kinachochelewa kulipuka. Alipoona tatizo, hakupenda kungoja.

Baada ya vita alifundisha na kuongoza taasisi Milano, Bari na Genoa. Mwaka 1935 akapewa uongozi wa kliniki ya magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu ya Chuo Kikuu cha Roma. Alikuwa na umri wa karibu miaka 58, umri ambao wengi wanaanza kuhesabu siku za kustaafu. Kazi iliyompa jina ilikuwa bado.

Malaria, karafuu maiti na kifafa

Ili kuelewa alichofanya, lazima tujue madaktari wa akili walikuwa katika hali gani. Hawakuwa na dawa. Mtu aliyesikia sauti, aliyeamini kwamba watu wanamfuata au wanamwingizia mawazo kichwani, alifungiwa katika majengo makubwa na wengi hawakutoka tena. Huku kwetu nako, Waingereza waliokuwa wakitawala Tanganyika walifungua hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Mahali pa kuwaweka wagonjwa palipatikana, lakini tiba ilikuwa haijapatikana, huku wala Ulaya.

Katika kukata tamaa huko, madaktari walijaribu mambo ambayo leo yanashangaza. Mjini Vienna, Julius Wagner-Jauregg aliwaambukiza malaria kwa makusudi wagonjwa ambao kaswende ilikuwa imefika ubongoni, akitumaini homa kali itawaponya. Baadhi walipata nafuu, naye mwaka 1927 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa mtu wa Mafia, aliyekua akiikimbia malaria tangu utotoni, ni vigumu kuamini kwamba kuna mahali ilitolewa kama dawa.

Mwaka 1934, mjini Budapest, daktari Ladislas Meduna alikuja na wazo jingine. Aliamini kwamba kifafa na ugonjwa unaoitwa skizofrenia havikai pamoja katika kichwa kimoja. Skizofrenia ni ugonjwa mkubwa wa akili, na kusikia sauti ni moja ya dalili zake kuu. Kwa hiyo, alifikiri, mgonjwa akitiwa mtukutiko kama wa kifafa, sauti zitaondoka. Alianza kwa kuwadunga sindano ya karafuu maiti, ile ile inayowekwa kwenye sanda. Baadaye alitumia dawa nyingine iliyofanya kazi haraka zaidi.

Wazo lake halikuwa sahihi, kwani mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili. Hata hivyo baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kweli. Tatizo lilikuwa zile sekunde kati ya sindano na mtukutiko. Mgonjwa alishikwa na hofu kubwa, kama mtu anayeona kifo kinakuja. Wengi walioonja mara moja hawakutaka kurudia.

Hapo ndipo Cerletti alipoingia. Yeye alikuwa akichunguza kifafa kwa miaka, na tangu akiwa Genoa alikuwa akiwatia mbwa mtukutiko kwa umeme. Alijiuliza kama umeme ungeweza kufanya kazi ya ile sindano bila kumpa mgonjwa nafasi ya kuogopa, kwa kuwa unamzimisha papo hapo. Lakini mbwa wake wengi walikufa. Umeme uliingia mdomoni na kutokea nyuma, na katika safari hiyo ulipita kwenye moyo. Nani angethubutu kumwekea mtu kitu kama hicho?

Siku alipokwenda machinjioni

Akiwa Roma, Cerletti aliambiwa kwamba katika machinjio ya mji ule nguruwe wanauawa kwa umeme. Alikwenda kuona kwa macho yake, na alichokiona hakikuwa kile alichoambiwa.

Wachinjaji walimbana mnyama kichwani kwa koleo kubwa lenye umeme wa volti 125. Mnyama alikakamaa, akaanguka, akatukutika kama mwenye kifafa. Wakati amezimia, mchinjaji alimkata koo. Msikilizaji wa kwetu, ambaye anajua vizuri tofauti ya mnyama aliyechinjwa na kibudu, ataelewa haraka alichokigundua Cerletti. Wanyama wale hawakufa kwa umeme. Kilichowaua ni kisu. Wale ambao hawakuchinjwa mara moja walianza kuamka baada ya muda mfupi.

Aliomba ruhusa ya kufanya majaribio pale pale. Akaona kwamba umeme ukipita kichwani tu, kwa muda mfupi, mnyama hafi. Hatari ilikuwa umeme kupita kifuani, au kuachwa kwa muda mrefu. Msaidizi wake, Lucio Bini, ambaye naye alikuwa ameshaona kwamba moyo ndio unaopaswa kuepukwa, akatengeneza mashine yenye saa ya kukata umeme ndani ya sehemu ya sekunde. Sehemu mbili za kupitisha umeme ziliwekwa kwenye panja, kulia na kushoto. Kilichobaki ni mtu.

Mtu wa kituo cha treni

Katikati ya Aprili 1938, polisi wa Roma walileta kliniki mwanamume wa miaka 39 waliyemkuta akizurura katika kituo kikuu cha treni. Alikuwa fundi kutoka Milano. Maneno yake hayakueleweka, alikuwa amejitungia lugha yake. Aliamini kwamba kuna watu wanaomwongoza kwa mawazo kutoka mbali. Madaktari waliandika kwamba ana skizofrenia. Hakukuwa na ndugu pembeni yake wa kuuliza au kukataa.

Jaribio lilifanywa bila kutangazwa, wakiwepo wasaidizi wachache. Kwa masimulizi ya Cerletti mwenyewe, aliyoyaandika miaka mingi baadaye, umeme wa kwanza ulikuwa volti 80. Mwili wa mtu yule uliruka na kukakamaa, lakini hakuzimia. Alianguka kitandani, kisha akaanza kuimba kwa sauti kubwa.

Madaktari wakajadiliana. Wengine walishauri mgonjwa apumzike, jaribio liahirishwe. Mara mgonjwa, aliyekuwa akiwasikiliza, akasema kwa maneno yaliyonyooka, bila ile lugha yake ya kujitungia, kwamba wasirudie mara ya pili, maana itamuua.

Hapa ndipo maisha ya Cerletti yanapopimwa. Yeye mwenyewe alikiri kwamba maneno yale yalimtikisa. Mtu ambaye hakuwa ameeleweka tangu aletwe alikuwa amesema kitu kinachoeleweka, na kitu chenyewe kilikuwa kukataa. Lakini Cerletti aliona kwamba akisimama pale kwa hofu, jambo lote litakufa. Akaamuru umeme urudiwe, safari hii volti 110 kwa nusu sekunde.

Mtukutiko ukaja. Pumzi ikasimama, uso ukabadilika rangi, na kila mtu chumbani akahesabu sekunde. Kisha mgonjwa akavuta pumzi ndefu, akatulia. Baada ya dakika chache akaketi, akawatazama kwa utulivu. Alipoulizwa kimempata nini, alijibu kwamba hajui, labda alikuwa amelala.

Alirudiwa mara kadhaa, matibabu kamili 11 kwa jumla. Maneno yake yakarudi, akaacha kulalamika kwamba anaongozwa kutoka mbali, akarudi kwa mkewe na kazini. Mwishoni mwa Mei 1938 Cerletti na Bini walitoa taarifa mbele ya chama cha madaktari cha Roma, na dunia ikasikia.

Habari kutoka kwa mke

Sehemu inayofuata haisimuliwi sana, ingawa ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoishi na wagonjwa.

Baada ya muda, habari zilifika kliniki kutoka kwa mke wa mtu yule. Miezi michache tu baada ya kurudi nyumbani, mumewe alikuwa ameanza kubadilika. Alimwonea wivu bila sababu. Na usiku, mara nyingine, alikuwa akizungumza kana kwamba anajibu sauti.

Umeme ulimrudisha mtu yule, lakini haukubaki naye. Aliyebaki naye usiku ni mkewe, peke yake, bila dawa ya kuendelea wala mtu wa kumfuatilia. Dawa zenyewe zilikuwa hazijagunduliwa.

Umeme unasambaa

Tiba ilienea haraka. Daktari Lothar Kalinowsky, aliyekuwa amekimbia utawala wa Hitler na kufanya kazi Roma, aliibeba hadi nchi nyingine za Ulaya na mwishowe Marekani. Ilikuwa rahisi, mashine ilikuwa ndogo, na kwa baadhi ya wagonjwa matokeo yalionekana kama muujiza. Zaidi ya wote walinufaika wale wenye huzuni nzito, waliokuwa wameacha kula na kutaka kufa, na wale walioganda kama gogo bila kusema wala kusogea.

Lakini ilitumika pia vibaya. Wagonjwa walipewa bila dawa ya usingizi, na mtukutiko mkali uliwavunja mifupa baadhi yao, hata uti wa mgongo. Wapo waliopoteza kumbukumbu. Katika baadhi ya hospitali ilitumika kutisha na kunyamazisha wagonjwa wasumbufu. Hofu ambayo watu wanayo leo haikutokea hewani.

Mambo yalibadilika taratibu. Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu madaktari wa Kinazi, ilitamka kwamba hakuna jaribio linaloruhusiwa kwa mtu bila ridhaa yake ya hiari. Katika miaka ya 1950, dawa ya usingizi na dawa ya kulegeza misuli zilianza kutumika, hivyo mgonjwa analala na mwili hautikisiki kwa nguvu. Shirika la Afya Duniani nalo limeeleza wazi, mwaka 2005, kwamba tiba hii isitolewe bila dawa ya usingizi, na kwamba mgonjwa aelezwe na akubali.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 zikaja dawa za kutuliza sauti. Klorpromazini ilianza kutumika mjini Paris mwaka 1952, na ipo katika hospitali zetu hadi leo. Kwa skizofrenia, dawa zikachukua nafasi ya kwanza na umeme ukarudi nyuma.

Alitaka kukiacha chombo chake

Wavumbuzi wengi hutetea kazi yao hadi kaburini. Cerletti hakuwa hivyo kabisa. Aliamini kwamba umeme unasaidia, lakini hakuupenda. Alifikiri kwamba ubongo, unapopigwa na mtukutiko, hutoa kemikali ya kujikinga, na kwamba kemikali hiyo ndiyo inayoponya. Kama ingepatikana, mgonjwa angepewa sindano tu, na mashine ingetupwa.

Kwa miaka yake iliyobaki aliitafuta. Aliwapa nguruwe mitukutiko mingi, akachukua ubongo wao, akatengeneza dawa ya maji na kuwadunga wagonjwa. Haikuthibitika. Jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel, asiipate. Alifariki Roma tarehe 25 Julai 1963, akiwa na miaka 85, bila kuona umeme ukipata mrithi aliyemtamani.

Na sauti leo?

Utafiti haukuishia hapo. Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kwamba sumaku inayowaka na kuzimika haraka nje ya fuvu inaweza kuamsha umeme mdogo ndani ya ubongo. Mgonjwa anakaa macho kwenye kiti, hazimii wala hatukutiki. Karibu mwaka 2000, Ralph Hoffman wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, aliielekeza sumaku hiyo upande wa kushoto, juu na nyuma kidogo ya sikio. Hilo ni eneo ambalo ubongo hutumia kutambua maneno ya watu, na kwa anayesikia sauti linaweza kufanya kazi hata kama hakuna aliyesema. Alitaka kulipunguza kasi.

Baadhi ya wagonjwa wake walisema sauti zilipungua. Tafiti za baadaye zilitoa majibu mchanganyiko: wengine walipata nafuu ya wiki au miezi, wengine hawakuona tofauti na waliowekewa mashine isiyofanya kazi. Madaktari wengine wamejaribu umeme dhaifu sana wa betri, na majibu nayo yamekuwa ya namna hiyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kuna mashine ya kuondoa sauti moja kwa moja anakudanganya. Umeme wenye mtukutiko bado unatumika kwa skizofrenia pale dawa zinaposhindwa, na kwa kawaida pamoja na dawa.

Tahadhari moja ni muhimu. Tiba hizi zote hufanywa hospitali, kwa mashine maalumu na wataalamu. Umeme wa nyumbani, wa sola au wa betri ya pikipiki usiguse kichwa cha mtu. Utaua au kuunguza.

Yanayobaki nyumbani

Si kila sauti ni skizofrenia. Malaria kali, kifafa, pombe, bangi na msiba mzito vinaweza kumfanya mtu asikie yasiyokuwepo. Ndiyo maana hatua ya kwanza ni kupimwa. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, wao watakuelekeza Hospitali ya Wilaya pale Kilindoni. Ikihitajika rufaa, safari itaendelea kwa boti hadi Nyamisati na kwenda Muhimbili, Dar es Salaam, au Mirembe. Kama familia inataka pia kumsomea mgonjwa, kisomo hakizuii dawa. Kamba na mnyororo si tiba.

Na dawa zikianza kufanya kazi, usiziache kwa sababu amepona. Kuacha dawa bila kumwuliza mhudumu ni moja ya sababu kubwa za sauti kurudi. Mwulize mgonjwa mwenyewe sauti zinamwambia nini, hasa kama zinamwamuru ajidhuru au adhuru mtu, na uwaeleze wahudumu mapema.

Cerletti alipata umaarufu kwa sekunde chache za umeme, lakini katika hadithi ile yumo mgonjwa aliyesema asirudiwe na hakusikilizwa, na mke aliyebaki naye usiku bila msaada. Leo yapo mengi ambayo wao hawakuwa nayo: dawa za kuendelea, haki ya kuelezwa na kukubali au kukataa, na mhudumu wa afya wa kumrudia. Ukimpeleka ndugu yako hospitali, dai vyote vitatu.